Kodi yangu ya kutafuta pikseli za ngozi inawaruka watoto weusi zaidi, naomba msaada

studio_ya_kona

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo karibu na stendi hapa Morogoro. Python nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kufunga, kwa hiyo mkiona nimekosea jambo la msingi nisahihisheni tu.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kupiga picha za vitambulisho vya wanafunzi 412 wa sekondari moja. Nilipigia darasani kwao: dirisha kushoto, pazia la bluu nyuma, shati jeupe na sweta la rangi ya damu ya mzee, ndiyo sare yao. Kazi ilichukua siku mbili, mawingu yakija na kuondoka, kwa hiyo mwanga wa picha haufanani. Kukaa na nyuso 412 nikirekebisha mwanga mmoja mmoja ni kazi ya wiki nzima. Nikaona niandike programu itafute pikseli za ngozi, ipime mwanga wake, uso uliofifia iupandishe, ulioungua iushushe.

Hapo naomba nieleweke. Sitafuti kumweupisha mtu. Wateja wanaoingia studio wakisema "nisafishe kidogo" nawajua, na programu hii siwaandikii wao. Nataka mtoto aonekane alivyo, kama ana kovu kwenye paji la uso lionekane, maana hicho ni kitambulisho.

Siku ya kwanza pazia lote la bluu lilitoka jeupe kwenye maski (ile picha ambayo programu inapaka nyeupe kila inachodhani ni ngozi), na nyuso zote zikawa giza. Nilihangaika mpaka saa saba usiku, kumbe OpenCV, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, inasoma picha kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, na mimi nilikuwa naichukua chaneli ya kwanza kama nyekundu. Hilo limepita. Kodi ya sasa ni hii, kanuni yenyewe niliikuta mtandaoni:

```
picha = cv2.imread("218.jpg")
B, G, R = cv2.split(picha)
kubwa = np.maximum(np.maximum(R, G), B)
ndogo = np.minimum(np.minimum(R, G), B)
ngozi = ((R > 95) & (G > 40) & (B > 20) &
         (kubwa - ndogo > 15) &
         (abs(R - G) > 15) & (R > G) & (R > B))
```

Kati ya picha 412, picha 67 zilitoka na maski tupu au vipande vichache vya shavu. Nilipozifungua zote 67 pamoja kwenye skrini sikuhitaji kuambiwa: ni watoto weusi zaidi, na wale ambao zamu yao ilifika wingu likiwa limefunika jua.

Ningeweza kunyamaza na kuzirekebisha hizo 67 kwa mkono. Kilichonileta hapa ni kingine. Nilikwenda shuleni na kompyuta kuhakiki majina, na watoto wanapenda kuchungulia, nikawaachia waone: kushoto picha, kulia maski, uso ukiwa umbo jeupe ndani ya giza. Walikuwa wanafurahi, kila mmoja anatafuta umbo lake. Ikafika namba 218. Kushoto yupo, ametulia, kola imenyooka. Kulia giza tupu, na chini yake ule ujumbe nilioutunga mwenyewe kwa herufi kubwa: HAKUNA MTU. Binti akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akauliza, "Mbona mimi sipo?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia kompyuta ina hitilafu. Lakini yale maneno niliyaandika mimi, na tangu siku hiyo sijatulia.

Nimepima pikseli zake kwa mkono:

shavu la upande wa dirisha: R 84, G 62, B 52
shavu la upande wa kivuli: R 60, G 45, B 38
chini ya kidevu: R 38, G 31, B 28
paji la uso, pale mafuta yanapong'aa: R 171, G 160, B 158

Nimejaribu kushusha ile 95 hadi 30, na 40 hadi 20. Sehemu ya uso wake ikaja, lakini na masweta yote yakaja, na mlango wa mbao unaoonekana pembeni kwenye baadhi ya picha.

Hizi 95, 40 na 20 zimetoka wapi? Na nizibadilishe vipi bila kubahatisha? Picha zenyewe siziweki hapa, ni watoto wa watu. Natanguliza shukrani.

---

pikseli254

Niaje kaka, pole sana kwa hiyo ya msichana.

Achana na RGB, hapo mwanga na rangi vimechanganyika pamoja. Geuza picha iwe YCrCb: Y inabeba mwanga peke yake, Cr na Cb zinabeba rangi. Halafu tupa Y, tumia hizo mbili. Vizingiti, yaani mipaka ya namba, vinavyotumika sana ni Cr 133 hadi 173 na Cb 77 hadi 127. Hizo ni za watafiti Chai na Ngan, walizichapisha 1999 kwa ajili ya simu za video.

```
ycc = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2YCrCb)
ngozi = cv2.inRange(ycc, (0, 133, 77), (255, 173, 127))
```

Chunga, kwenye OpenCV Cr inatangulia Cb. Wengi huzigeuza bila kujua. Jaribu kisha utuambie.

---

studio_ya_kona

Asante sana kaka, nimejaribu jana usiku. Zilizoharibika zimeshuka kutoka 67 hadi 23, ni hatua kubwa. Lakini namba 218 bado hajakamilika. Mashavu yote mawili yamekuja, kidevu chote na upande mmoja wa shingo havipo, kama mtu aliyekatwa kwa mkasi.

Na masweta yameingia yote. Nimepima sweta moja: R 70, G 25, B 32. Wastani wa mwanga nikiuchukua hapo napima sweta kuliko uso.

Ulisema Cr na Cb hazibebi mwanga. Sasa mbona kidevu chake kinapotea kivulini, na ni ngozi ileile ya mtoto yuleyule?

---

BintiHesabu

Kaka wa studio, umeuliza swali zuri kuliko majibu mengi ninayoyaona kuhusu jambo hili. Niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Nianze na namba zako za kwanza. Kanuni ile ya 95, 40 na 20 ni ya Kovač, Peer na Solina wa Ljubljana, Slovenia, ya mwaka 2003. Wenyewe waliiandika kwa ajili ya mwanga wa mchana ulioenea sawasawa, na wakaweka kanuni nyingine kabisa kwa ngozi iliyopigwa na flashi au na mwanga wa mchana wa ubavuni: hapo R inatakiwa izidi 220, G izidi 210 na B izidi 170. Mtandaoni watu wamenakili ya kwanza, sharti lake wakaliacha njiani. Wewe una dirisha upande mmoja na wingu. Hata sharti lenyewe hukulitimiza, na hukuambiwa kwamba lipo. R > 95 haiulizi "hii ni ngozi?" Inauliza "hii imepata mwanga mwingi wa nyekundu?" Mtoto mweusi aliyekaa kivulini atajibu hapana kila mara.

Sasa YCrCb. Mdau hapo juu amekusaidia kweli, lakini kuna kitu hakijasemwa. Angalia Cr inavyopatikana:

Y = 0.299R + 0.587G + 0.114B
Cr = (R − Y) × 0.713 + 128

Cr ni tofauti. Unatoa Y kwenye R. Ukipunguza mwanga nusu, R inashuka nusu, Y inashuka nusu, na tofauti yao nayo inashuka nusu. Kwa hiyo kadiri mwanga unavyofifia, Cr inarudi taratibu kuelekea 128, ambayo ni kijivu kitupu. Nimezikokotoa namba za binti yako: shavu la dirishani Cr 140, shavu la kivulini 136, chini ya kidevu 132. Kizingiti kinaanzia 133. Kidevu chake kimekatwa kwa tarakimu moja tu. Anayesema Cr na Cb hazijui mwanga amekosea: mwanga ukipungua, nazo zinasinyaa.

Unachohitaji ni uwiano badala ya tofauti. Ukigawanya, mwanga unajifuta wenyewe juu na chini. Kuna mfumo wa HSV: H ni aina ya rangi iliyopangwa kwenye duara, S ni ukolezi wa rangi, V ni mwangaza. H na S zimejengwa kwa kugawanya. Sehemu zilezile tatu kwa kipimo cha OpenCV, ambako H inaishia 179 na si 360: H ni 9, 10, 9. S ni 97, karibu 94, na 67. Ona H ilivyotulia toka dirishani mpaka chini ya kidevu.

Haijatulia kwa bahati. Ngozi ya binadamu inapakwa rangi na vitu viwili hasa, melanini na damu. Melanini ikiwa nyingi inameza mwanga zaidi, uso unakuwa na giza zaidi, lakini aina ya rangi inabaki palepale kati ya nyekundu na njano. Tofauti kubwa kati ya mimi na mtu wa Finland iko kwenye V, ndogo iko kwenye H. Ndiyo maana kizingiti cha mwanga kinabagua watu, na kizingiti cha H kinabagua kidogo zaidi.

Na sweta lako: H 175. Ngozi iko 9, sweta liko 175, ng'ambo ya pili ya sifuri, kwa sababu kwenye sweta bluu imeizidi kijani. Kwa YCrCb sweta hilo lina Cr 150 na Cb 124, limeingia ndani kabisa ya vizingiti. Kwa H linatoka lenyewe. Utaona kodi nyingi zinaongeza mkanda wa pili wa H, 165 hadi 179, ili kuchukua ngozi zinazoelekea wekundu. Kwa shule hii usiuongeze, utayarudisha masweta.

V usiiache ianzie sifuri. Chukua pikseli R 20, G 16, B 14: H yake ni 10. Kelele ya kamera, yaani makosa madogo ya namba za pikseli, ikiongeza kijani kwa 1 tu, H inaruka hadi 15. Gizani kabisa H ni bahati nasibu. Weka sakafu, 30 hivi.

Lakini namba usizichukue kwangu. Umeshaona yanayotokea ukivaa vizingiti vya watu wengine. Chagua picha, za watoto weusi zaidi ziwe nyingi sawa na za wengine, kata vipande vidogo vya ngozi kwa mkono, kusanya H, S na V zake, angalia asilimia ya 1 na ya 99, yaani namba ambayo 1% tu ya pikseli ziko chini yake, na ile ambayo 1% tu ziko juu yake. Hivyo ndivyo vizingiti vyako, vya kamera yako na darasa lile.

Jambo la mwisho, na hili linagusa ulichosema kuhusu kumweupisha mtu. Ukifika kwenye kupandisha mwanga, zidisha, usijumlishe. Shavu la 84, 62, 52 ukilizidisha kwa 1.5 linakuwa 126, 93, 78, na S inabaki 97. Ukijumlisha 42 kwenye kila chaneli linakuwa 126, 104, 94, na S inaanguka hadi 65. Mwanga ni uleule, lakini wa pili anaonekana kama amepakwa majivu. Na tumia thamani ya katikati badala ya wastani, maana pale mafuta yanapong'aa wastani unadanganywa.

---

kijana_wa_modeli

Wakuu, mnajitesa. Vizingiti vya rangi ni mambo ya zamani. Pakua modeli ya akili bandia ya kukata nyuso iliyofunzwa tayari, mistari mitano, umemaliza.

---

BintiHesabu

Mdogo wangu, kwa kazi nyingi uko sahihi, na hata mimi kazini natumia modeli. Lakini usimwambie kwamba tatizo lake linaishia hapo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni kubwa inayobashiri jinsia kwa kutazama uso. Walitumia picha za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi 0.8%. Kwa wanawake weusi lilifika 34.7%. Mifumo hiyo ilikuwa imefunzwa, tena kwa fedha nyingi. Tofauti ni kwamba 95 unaiona kwa macho na unaweza kuifuta, wakati ndani ya modeli hujui 95 imejificha wapi. Akitumia modeli, bado itabidi aipime kwa zile picha 67.

Na kitu kingine kuhusu `abs(R - G)` kwenye kodi yake, nilisahau. Hizo ni namba za biti 8 zisizo na hasi, 0 hadi 255 tu. Kwenye NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, 50 ukitoa 60 hupati −10, unapata 246. Kwake haijaonekana kwa sababu R > G inazuia, lakini siku akiifuta hiyo, pikseli za ovyo zitapita kama ngozi. Geuza kwanza kwa `astype(np.int16)`.

---

mzee_wa_filamu

Wanangu hamjambo. Ya kodi siyajui, lakini kupiga picha nimeanza 1981, na naona mnatibu homa wakati mbu bado wamo chumbani.

Kijana wa Morogoro, mtoto amevaa shati jeupe, nyuma yake pazia. Mita ya kamera inajaribu kuifanya picha nzima iwe kijivu cha wastani. Ikiona shati jeupe inasema mwanga ni mwingi, inafunga, na anayeumia ni mwenye uso mweusi. Mita haimjui mtu. Weka mita ya nukta, ile inayopima eneo dogo tu, ipime kwenye shavu, halafu wewe mwenyewe ndiye uamue. Au kama kamera haina, ongeza mwanga kwa hatua moja ya kamera na uangalie shati lisiungue.

La pili, ule upande wa kivuli. Huhitaji taa. Nunua karatasi mbili za manila nyeupe, zibandike kwenye boksi, simamisha upande wa kulia wa mtoto, hatua moja kutoka begani. Mwanga wa dirisha unagonga pale unarudi shavuni. Nimepiga harusi za miaka mingi kwa shuka jeupe lililoshikwa na mdogo wa bwana harusi.

La tatu, paji la uso. Usimfute mtoto mafuta, mama yake amempaka kwa upendo. Mgeuze kidogo tu dirisha lisijitazame usoni kwake. Ule mng'ao siyo rangi ya ngozi yake hata kidogo, ni dirisha unaloliona pale.

Enzi zetu maabara za kusafishia picha za rangi zilikuwa zinasawazisha mashine kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakiiita Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Bibi arusi wangu akitoka uso kama mkaa, meno na shela ndiyo vinaonekana, naambiwa nimekosea mimi. Miaka nimebeba lawama hiyo. Kwa hiyo nilivyosoma habari ya binti aliyeuliza mbona hayupo, niliwaita wajukuu wanisomee tena.

---

studio_ya_kona

Shikamoo mzee wangu. Na dada BintiHesabu, sijui nikushukuruje. Niliandika zile hesabu zako kwenye daftari nikazirudia kwa kalamu mpaka zikakubali. Kidevu cha 132 nilikipata mwenyewe.

Nimefanya hivi. Nilichukua picha 60: 20 za watoto weusi zaidi, 20 za katikati, 20 za weupe zaidi. Kila picha nilikata vipande vitatu vya pikseli 15 kwa 15: paji la uso nje ya mng'ao, shavu la kivulini, na shingo. Jumla pikseli 40,500. Iliniandama jioni tatu. Kwa asilimia ya 1 na ya 99, H ilitoka 4 hadi 16, S 52 hadi 148, V 33 hadi 214. Nilizipanga zile ishirini ishirini tofauti ili nione, na kweli H zinalaliana, huwezi kutofautisha kundi na kundi. V ndiyo inayoachana. Nilikaa nikazitazama hizo histogramu tatu kwa muda mrefu. Studio yangu ina miaka tisa na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Kodi sasa:

```
picha = cv2.imread("218.jpg")
picha = cv2.resize(picha, (600, 800))
laini = cv2.GaussianBlur(picha, (5, 5), 0)
hsv = cv2.cvtColor(laini, cv2.COLOR_BGR2HSV)
maski = cv2.inRange(hsv, (4, 50, 30), (16, 150, 255))
umbo = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_ELLIPSE, (9, 9))
maski = cv2.morphologyEx(maski, cv2.MORPH_OPEN, umbo)
maski = cv2.morphologyEx(maski, cv2.MORPH_CLOSE, umbo)
```

Mstari wa MORPH_OPEN unafuta vidoadoa vilivyotapakaa kwenye pazia, wa MORPH_CLOSE unaziba matundu madogo. Tundu la mng'ao kwenye paji la uso halizibiki kwa umbo la 9, S yake ni 19, iko mbali mno. Nililiacha. Kwa kuwa natumia thamani ya katikati, halinisumbui tena.

Masweta yametoka yote. Zilizoharibika zimeshuka kutoka 23 hadi 5, na hizo tano ni giza la kweli, hata kwa macho sioni kidevu kinaishia wapi.

Halafu nikafanya alichosema mzee. Niliomba ruhusa kwa mwalimu, nikarudi shuleni Ijumaa na manila mbili kwenye boksi la televisheni, nikawapiga upya watoto 31, wale ambao sikuridhika nao hata kama programu iliwaona. 218 alikuwa wa nne kwenye foleni. Shavu lake la kivulini sasa ni R 139, G 103, B 86. Mwezi uliopita shavu hilohilo lilikuwa 60, 45, 38. H imebaki 10.

Nilifungua maski pale pale. Uso wote umekuja, na shingo, na masikio, macho na matundu ya pua ndiyo yamebaki giza kama inavyotakiwa. Akaangalia, akaweka kidole kwenye kioo, akafuata mstari wa taya lake kutoka sikio mpaka sikio. Hakusema kitu. Akarudi kwenye foleni kumshikia sweta mwenzake.

---

mzee_wa_filamu

Marahaba mwanangu. Manila hizo usizitupe.

---

pikseli254

Kaka, nimejifunza. Nilikuwa napeana hizo 133 na 77 kwa kila mtu anayeuliza, na sijawahi kuzipima hata kwa uso wangu. Leo nimejipiga picha jikoni usiku, taa ya njano, nikapima kidevu: Cr 131. Nami sipo.

Swali moja. Mlango wa mbao uliishia wapi? Maana hapa kwetu nina picha za nje, ukuta wa udongo mwekundu, na H yake ni 10, sawa kabisa na watu waliosimama mbele yake.

---

BintiHesabu

Hapo rangi peke yake imefika mwisho. Udongo mwekundu, mbao na ngozi ni majirani kwenye H, na hakuna kizingiti kitakachowatenganisha wote bila kumuumiza mtu. Ongeza taarifa nyingine: tafuta kwanza mahali uso ulipo, hata kwa kile kitafuta-uso cha Viola na Jones cha 2001 ambacho OpenCV inacho tayari, halafu pima rangi ndani ya kisanduku hicho tu. Na hicho nacho kipime kwanza kwa watu wako, kinaweza kuwaruka walewale. Kwa picha za vitambulisho kuna njia rahisi zaidi, kwa sababu mtu anakaa katikati: chukua kipande kikubwa cha maski kinachogusa katikati ya picha, vingine tupa.

---

studio_ya_kona

Ndivyo nilivyofanya, kipande kikubwa kinachogusa katikati. Mlango wangu una H 12, na S yake ni 155 kwa hiyo sehemu kubwa ilitoka yenyewe, lakini pale vanishi ilipofifia S inashuka mpaka 126 na inaingia. Kwenye picha tatu mlango umegusana na sikio la mtoto, programu inaona ni kitu kimoja.

Ule ujumbe nimeubadilisha. Maski ikiwa ndogo sasa inaandika namba ya picha na maneno "mwanga hautoshi, piga tena".

Hizo tatu nazikata kwa mkono kesho asubuhi, vitambulisho vinachapishwa Jumatano.